Karatasi Tuliyokubaliana Wote

Kikao kikiisha kwa watu wote kukubaliana, mimi huanza kumtafuta aliyedanganya. Ndivyo nilivyo tangu ujana wangu na sioni dalili ya kupona. Mke wangu anasema tabia hii itanizeesha kabla ya siku zangu. Namjibu kwamba wanaoamini watu nao wanazeeka, tena mikono mitupu. Hata hivyo kipo kikao kimoja ambacho mwongo wake nilimtafuta kwa miezi, nikawashuku wenzangu watatu kwa zamu, na habari yake sijawahi kuisimulia yote hadi leo.

Miaka ile nilikuwa mwandishi wa programu katika maabara moja ya udongo mjini Morogoro. Kitengo chetu cha kompyuta kilikuwa chumba kimoja chenye feni ya kuning'inia na madirisha yaliyoelekea milimani, na ndani yake tulikuwa wanne. Mkulima alileta udongo wa shamba lake kwenye mfuko, wenzetu wa maabara wakaupima, sisi tukaingiza vipimo kwenye programu yetu, na programu ikachapa barua ya kumwambia shamba lake linataka nini: samadi kiasi gani, mbolea ipi, chokaa mifuko mingapi. Tarehe ya barua haikuchapwa na mashine. Karani wa masjala aliigonga kwa muhuri, kisha bwana shamba akazipeleka barua vijijini kwa pikipiki.

Programu hiyo tuliiandika wenyewe, na hakuna mgeni aliyeingia chumbani bila kuonyeshwa. Asiyewahi kufanya kazi hii aelewe jambo moja tu. Mtu akiandika programu, mashine haiwezi kuyatumia maandishi yake hivyo hivyo mabichi. Lazima yapikwe, kipande kwa kipande, kisha vipande viunganishwe kuwa kitu kimoja kinachofanya kazi. Sisi tulisema hivyo hivyo, kupika. Ukibadili maandishi ya kipande kimoja sharti ukipike upya, la sivyo programu itaendelea na mambo yake ya zamani na wewe utadhani umeibadili.

Na kila mmoja wetu alikuwa na mapishi yake. Alikuwepo msomi, aliyerudi kutoka masomoni Ulaya na koti la baridi ambalo hakuwahi kupata siku ya kulivaa. Yeye alitumia zana ya kupikia aliyokuja nayo kwenye disketi. Zana ile ilisoma orodha ya vipande vyote na kutazama tarehe zake. Ikiona maandishi ya kipande ni mapya kuliko kipande chenyewe kilichopikwa, inakipika tena; vingine inaviacha. Tuliiita nyapara, maana ilipita ikikagua nani amefanya kazi na nani bado. Alikuwepo na fundi, mtu mzima aliyeanzia kwenye redio za mbao, ambaye hakumwamini nyapara hata chembe. Yeye alifuta kila kitu na kupika vyote upya, kazi ya saa nzima, na umeme ukikatika katikati alianza tena huku akiimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya chini.

Wa tatu alikuwa dada mmoja aliyetoka kwenye taipu. Alikuwa mpigachapa wa idara miaka mingi kabla kompyuta hazijaja. Alipika kwa mkono, amri moja baada ya nyingine, akizisoma kwenye daftari lake lenye jalada gumu, na sikuwahi kumwona akikosea herufi. Alinizidi umri kama miaka kumi. Nilimwamkia kila asubuhi, naye aliniita mdogo wangu.

"Mbona humtumii nyapara, dada?" nilimuuliza siku moja.

"Nyapara ananiambia amemaliza," alisema. "Mimi napenda kuona."

Wa nne ni mimi. Nilimtumia nyapara, lakini nilikuwa na siri yangu.

Kompyuta ya dirishani, ambayo ndiyo iliyochapa barua zote, ilikuwa na betri ndogo ndani yake, kiasi cha kifungo cha koti, ya kuifanya ikumbuke saa na tarehe ikizimwa. Betri ile ilikuwa imekufa. Miaka hiyo ya mgawo, umeme ulikatika ulivyotaka, na kila uliporudi mashine iliamka ikiamini kwamba ni mwezi wa kwanza wa mwaka 1980. Haikulalamika wala haikuuliza. Basi ukibadili maandishi siku hiyo yanapewa tarehe ya 1980, nyapara anayaona ni mazee kuliko kipande kilichopikwa mwezi uliopita, anayapita. Kisha anakuandikia kwenye kioo kwamba kila kitu kiko tayari. Ilinichukua wiki mbili za kuwatukana watu wasio na hatia mpaka nikaligundua jambo hilo. Tangu hapo, kabla ya kugusa chochote kwenye mashine ile, niliandika kwanza tarehe ya siku hiyo kwa mkono wangu. Ni kazi ya sekunde kumi, na sikumwambia mtu.

Msomi alikuwa na mashine yake mpya ya mradi, yenye betri nzima, hivyo huenda hakujua. Huenda alijua. Fundi na dada hawakuhitaji kujua, maana mapishi yao hayakutazama tarehe ya kitu chochote.

Kwa nini sikusema? Kwa sababu ya kaka yangu. Alikuwa fundi mitambo katika kiwanda kimoja cha umma hapa mjini. Soko huria lilipoingia kiwanda kikatafutiwa mwenye fedha, na mwenye fedha akataka kwanza watu watatu wafundishwe mtambo wa kaka, ili kazi isisimame siku akiugua. Kaka akawafundisha yote, hadi mlio wa beringi inayokaribia kuachia. Hakuugua hata siku moja. Alipunguzwa kazini mwezi uliofuata, na mmoja wa wale watatu akamsaidia kubeba sanduku lake la zana hadi getini. Akarudi kwetu, upande wa Mkuyuni, kulima mananasi. Kila nilipokwenda kumsalimia alinikumbusha: usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe.

Kwa hiyo uvumi ulipotufikia kwamba kila kitengo kitapunguza mtu mmoja, sikushangaa. Nilianza tu kuhesabu. Tulikuwa wanne, na mimi nilikuwa na nyumba Kihonda ambayo kuta zake zilikuwa zimefika usawa wa madirisha. Wiki hiyo hiyo mkuu wa kitengo akatuitisha. Alisema anataka tukubaliane juu ya njia moja iliyo bora ya kupika programu, iandikwe kwenye karatasi moja, ibandikwe ukutani, ili mtu yeyote aweze kuifuata.

Mtu yeyote! Niliposikia maneno hayo mawili nilimwona kaka akitoka getini.

Kikao kilichukua siku mbili. Msomi alisema ulimwengu mzima umeshakubaliana juu ya jambo hili, tumebaki sisi tu. Fundi akamuuliza kama ulimwengu huo una mgawo wa umeme au hauna. Msomi akasema kupika vyote upya ni kupoteza muda. Fundi akasema muda ni wake na haujawahi kumlalamikia. Dada alisema kila mtu ana mkono wake, na yeye haoni ubaya maadamu barua zinatoka sahihi. Mkuu akagonga meza kwa kalamu, akasema hataki mikono minne, anataka mkono mmoja.

Mimi nilikaa nikiwatazama, na kila mmoja aliposema nilijiuliza amebakiza nini. Fundi alieleza mapishi yake kwa dakika tano. Nikaona kazi ya saa nzima haielezwi kwa dakika tano. Msomi alichora mishale ubaoni, mingi mno, na mtu akikuonyesha vitu vingi ujue kuna kimoja anakikalia. Dada alilisoma daftari lake lote kwa sauti, hata mahali pa kuweka koma, nikaona huo ndio ujanja wenyewe, tuchoke tuache kusikiliza. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijiambia, nikawapekua nguo zao mmoja mmoja kwa macho. Kisha nikamimina chai nyingine.

Siku ya pili mchana tukakubaliana. Njia itakuwa ya nyapara, kwa kuwa ni ya haraka na mkuu alikuwa ameipenda ile mishale. Fundi aliambulia mstari mmoja wa kufuta takataka za mashine kila Ijumaa. Dada aliambulia kuipiga chapa karatasi yenyewe. Ilikuwa na mistari kumi na mmoja, na wa mwisho ulisema: nyapara akisema tayari, programu iko tayari. Kabla hatujatia sahihi mkuu alituzungushia macho.

"Kuna mtu ana jambo analolifanya ambalo halimo humu?" aliuliza. "Semeni sasa. Mficha maradhi kifo humuumbua."

Msomi akatikisa kichwa. Fundi akasema lake limo, ingawa limekatwa mkia. Dada akasema yake yote ameyasoma. Mimi nikasema hamna, mzee. Nilisema hivyo nikiwa na hakika kwamba wote wanne tumedanganya sawasawa, na kwamba tofauti yetu ni nani anayedanganya kwa sura nzuri zaidi. Tukatia sahihi, tukapiga makofi, hata mimi.

Wiki iliyofuata dada alianza kuzunguka na daftari lake. Alikaa na fundi asubuhi nzima akiandika. Akaenda kwa msomi, nikawasikia wanacheka. Nikajua ametumwa. Nilifikiri mkuu anataka kufahamu nani anabeba nini kabla ya kuchagua wa kumpunguza, na nani angemshuku dada mpole wa taipu? Alipofika kwenye meza yangu nilikuwa tayari kwa ajili yake.

"Mdogo wangu, nikuulize kitu."

"Uliza, dada."

"Naona ukikaa pale dirishani, kabla ya yote unaandika tarehe. Jambo hilo halimo kwenye karatasi yetu. Lina sababu?"

Nilimtazama. Alikuwa ameshika kalamu wazi, kifuniko chake amekibana kwa meno pembeni ya mdomo. Kalamu ile ndiyo iliyoniudhi. Asingekuwa nayo, pengine ningesema.

"Mazoea tu," nilimjibu.

"Si lazima?"

"Si lazima. Ni mazoea tu, dada."

Akaandika, akashukuru, akarudi kwenye kiti chake.

Mwezi haukuisha. Wataalamu wa maabara wakaleta marekebisho: chokaa tuliyokuwa tukiwaagiza wakulima wa miteremkoni ilikuwa nyingi mno, ipunguzwe nusu. Zamu ilikuwa ya dada. Asubuhi ile umeme ulikatika, ukarudi saa nne. Nilikuwa mezani kwangu, hatua sita kutoka alipokaa. Nilimwona akiiwasha mashine ya dirishani, akafungua maandishi ya chokaa, akayabadili. Kisha akasimama kwenye karatasi ya ukutani, akaisoma mstari kwa mstari akifuata kwa kidole, akarudi kumwita nyapara. Nyapara akamwandikia kwamba kila kitu kiko tayari. Dada akautazama tena mstari wa mwisho ukutani, akaitikia kwa kichwa, akaanza kuchapa barua za wakulima wa Mlali.

Je, nilijua? Nimejiuliza hivyo miaka yote hii. Nilijua umeme umekatika. Nilijua ameketi kwenye mashine ipi. Sikuinuka kwenda kutazama, kwa sababu kutazama kungenilazimisha kusema. Nilijiambia kwamba mtu aliyepika kwa mkono miaka yote ile hawezi kudanganywa na nyapara. Nikajiambia pia kwamba kama ametumwa, basi aliyemtuma amsaidie. Nikatoka kwenda kununua maandazi.

Masika yalipokuwa yanaelekea kuisha, mama mmoja mkulima alishuka kutoka miteremko iliyo juu ya Mlali, akaja hadi mlangoni petu. Barua yake alikuwa ameikunja ndani ya mfuko wa plastiki. Nilimwamkia, akaitikia, akakataa kiti.

"Mwanangu, karatasi yenu hii imesema chokaa mifuko sita," alisema. "Nimeibeba kichwani mimi na wanangu, siku tatu, maana kwetu gari halifiki. Nikamwaga kama mlivyosema. Sasa yatazameni maharage yangu."

Alikuwa ameyang'oa machache pamoja na mizizi yake. Majani yalikuwa ya manjano, mishipa tu ndiyo iliyobaki kijani. Aliyaweka juu ya meza ya dada bila kujua ni meza ya nani. Kwa vipimo vipya alitakiwa aambiwe mifuko mitatu.

Kikao cha pili kilikuwa kifupi kuliko cha kwanza. Msomi alinakili maandishi kwenye disketi, akayapika kwenye mashine yake, yakatoa mifuko mitatu. Programu ya mashine ya dirishani ilitoa sita. Kwa hiyo ilikuwa wazi kwamba maandishi yalibadilishwa, ila hayakupikwa.

"Nilifuata karatasi," dada alisema. "Mistari yote kumi na mmoja. Nyapara alisema tayari."

"Nyapara huwa hakosei," msomi alisema, wala si kwa ubaya.

"Labda uliruka mstari, dada yangu," fundi alisema taratibu. "Hata mimi ningeweza kuruka."

"Sikuruka."

Alitutazama mmoja mmoja. Mimi nilikuwa namsubiri msomi aseme habari ya betri. Niliamini kabisa kwamba anajua, na kwamba ananyamaza ili dada aondoke badala yake. Nilimchukia kwa hilo, nikamkodolea macho mpaka akaniuliza kama nina neno. Nikasema sina. Karatasi ilikuwa ukutani nyuma ya kichwa cha mkuu, na sahihi zetu nne chini yake. Sote tulikuwa tumekubali kwamba haina kasoro, kwa hiyo kasoro ikabaki kwa aliyeifuata.

Barua ya kupunguzwa ilimfikia wiki mbili baadaye. Siku ya kukabidhi ofisi aliipangusa mashine ya dirishani, akaifunika kitambaa alichokidarizi mwenyewe, akaniachia daftari lake. Alinipa mimi, si mwingine. Alisema mimi ndiye ninayekaa karibu na mashine ile, basi litanifaa. Alikuwa anasomesha wadogo zake wawili. Alisema atajaribu kufungua kibanda cha kupiga chapa karibu na stendi, nikamwambia heri.

Alipotoka tu nikalifungua. Nataka nieleweke nilikuwa natafuta nini: nilikuwa natafuta kile alichotuficha. Nilitamani mno nikikute, ili nipate usingizi. Nilisoma ukurasa baada ya ukurasa mpaka muda wa chakula ukapita, na hakikuwemo. Amri zake zote zilikuwemo. Ilikuwemo namna ya kuigonga printa ubavuni karatasi inapokwama, na hata mahali alipokuwa akiuficha mkasi ili watu wa masjala wasiuchukue. Kwenye kurasa za nyuma alikuwa ameandika kichwa cha habari, akakipigia mstari kwa rula: Yasiyokuwemo kwenye karatasi.

Chini yake zilikuwepo kurasa mbili za fundi, kila alichomweleza, yakiwemo mambo mawili ambayo siku zote nilihisi fundi anayakalia. Zikafuata kurasa tatu za msomi, pamoja na mishale. Mwishoni mwake aliandika: mashine ya dirishani anasema haijui vizuri, hajaigusa tangu alipopata yake, nimuulize anayekaa jirani nayo. Kisha nikafuata mimi, mstari mmoja tu. Tarehe mwanzoni: nimemuuliza, si lazima, ni mazoea tu.

Hakuna aliyekuwa amemtuma. Alitaka tu karatasi ile iwe ya kweli. Wote watatu walikuwa wamesema kila walichokijua, kikaoni au kwake, na mtu niliyekuwa nikimtafuta kwa miezi alikuwa amekaa kwenye kiti changu. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto, na nilikuwa peke yangu chumbani.

Kesho yake niliandika kwa kalamu juu kabisa ya karatasi ya ukutani, kabla ya mstari wa kwanza: hakikisha tarehe ya mashine. Mkuu alipita, akasoma, akanipiga bega, akasema hivyo ndivyo kazi ya pamoja inavyotakiwa. Msomi aliusoma mstari ule kwa muda mrefu.

"Umeligundua lini hili?" aliuliza.

"Juzi," nilisema.

Tangu siku hiyo hakuwahi kuacha disketi zake juu ya meza mimi nikiwepo.

Nilikwenda kwenye kibanda cha dada baada ya miezi mitano. Niseme mapema kwamba safari ile haikumrudishia kazi. Nafasi yake ilikuwa imeshafutwa, na barua niliyompelekea mkuu baada ya hapo aliisoma, akaitia kwenye jalada, akaniambia nifunge mlango nikitoka. Mama wa Mlali nilimfuata huko huko juu kwake, akanionyesha shamba. Nyumba yangu ya Kihonda iliezekwa na ndimo ninamokaa. Hayo yote yalitokea, lakini kinachonirudia ni kibanda.

Kilikuwa cha mabati, kina meza moja, taipu moja na benchi la wateja. Alifurahi kuniona, na furaha yake ndiyo iliyoniumiza.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Hamjambo huko? Na mashine ya dirishani, haijambo?"

Nikasema haijambo. Nikamwekea daftari lake mezani. Akasema alinipa, hakuniazima. Nikamwambia nimekuja kuandikiwa barua, na akaacha maneno pale pale, akavuta kiti, akawa mtu wa kazi.

"Inakwenda kwa nani?"

"Kwa mkuu wa kitengo."

"Nakala ngapi?"

"Mbili."

Akaweka karatasi kaboni katikati, akazisawazisha kingo, akazizungusha ndani ya taipu. Vidole vikakaa tayari.

"Tarehe?"

Nikaitaja. Akaipiga. Nilisimama nikitazama barabarani, maana kukaa kwenye benchi mbele yake nisingeweza, nikaanza kusema. Kwamba mashine ya dirishani hupoteza tarehe umeme ukikatika. Kwamba siku hiyo nyapara huona maandishi mapya kuwa ni mazee, akayapita. Kwamba mimi nililijua hilo kabla ya kikao cha karatasi, na mkuu alipouliza nikasema hamna. Kwamba aliyechapa barua za Mlali alifuata mistari yote kumi na mmoja, na kosa halikuwa lake. Taipu ilisita kidogo kwenye neno Mlali, kisha ikaendelea kwa mwendo ule ule. Nikamalizia kwamba niliwahi kuulizwa juu ya tarehe, nikajibu kuwa ni mazoea tu.

Alipomaliza hakuitoa karatasi. Aliirudisha juu akaanza kuisoma, kidole kikifuata mstari kwa mstari, vile vile alivyokuwa akifanya ukutani. Karibu na mwisho kidole kikasimama.

"Hapa pana upungufu," alisema bila kuinua uso. "Umesema uliulizwa. Barua haisemi aliyekuuliza ni nani."

Kwenye kibanda cha jirani mtu alikuwa anagonga bati.

"Sema niandike, mdogo wangu. Isiende na upungufu."

"Uliniuliza wewe, dada."

Akashusha karatasi taratibu, akatafuta nafasi iliyobaki kati ya mstari na mstari, akaandika herufi moja moja, bila kukosea.